Mkituita, Tuacheni Tukae: Barua ya Wazi kwa Wanaoongoza Matamasha ya Kimataifa ya Sanaa za Maonyesho

Kwa wakurugenzi wa matamasha, mawaziri wa utamaduni, wafadhili, wajumbe wa bodi, na nyie mnaokaa kwenye madawati ya viza,

Shikamooni mlionizidi umri, wengine hamjambo. Mimi ni mtu wa jukwaani, na nimeamua kuandika hadharani kwa sababu haya mambo tunayasemaga sana tukiwa wenyewe, nyuma ya pazia au kwenye basi la kwenda uwanja wa ndege, alafu tukifika mbele yenu tunatabasamu na kushukuru kwa mwaliko, basi mwaka unapita na hakuna kinachobadilika. Ombi langu ni moja tu, mengine yote nitakayoyasema yanalizunguka hilohilo: mkituita, tuacheni tukae.

Hali ilivyo sasa mnaijua ila sidhani kama mmeshaiangalia kwa macho ya anayealikwa. Kikundi kinafika usiku kimechoka, asubuhi ni kufunga seti na kupanga taa, mchana saundi cheki, jioni onyesho, makofi, picha moja ya pamoja, na usiku huohuo tunafungasha maana chumba cha hoteli kimelipiwa mpaka kesho saa nne asubuhi. Kikundi kutoka bara lingine kinaonyesha kesho yake kwenye ukumbi wa jirani na sisi muda huo tutakuwa angani. Nimeshapishana kwenye ngazi za hoteli na watu ambao kazi zao nimezifuatilia kwa miaka, yeye anaingia na begi mimi natoka na begi, tunapeana mkono basi, kila mtu njia yake. Na kwenye bango kubwa pale nje imeandikwa kwamba hapa ndipo tamaduni za dunia zinapokutana! Zinakutana saa ngapi?

Siandiki kwa sababu nayachukia matamasha. Nayapenda mno, na nikisoma yalikotoka naona kabisa kwamba hayakuanzishwa yawe hivi.

Tukirudi nyuma kabisa, Athens ya karne ya 5 kabla ya Kristo, tamasha la Dionysus lilikuwa linafanyika baridi ikiisha, bahari imetulia na meli zimeanza kusafiri tena, kwa hiyo mji unakuwa umejaa wageni. Zilikuwa siku kadhaa mfululizo, washairi watatu wa tanzia wanashindana na kila mmoja anapewa siku yake nzima. Gharama ya kuifundisha kwaya na kuivisha ilikuwa inabebwa na tajiri aliyeteuliwa, wao walimwita choregos, na ulikuwa ni wajibu wake kwa umma, sawa na yule tajiri mwenzie aliyepangiwa kugharamia meli ya kivita. Hawakuwa malaika, kodi walizotozwa washirika wao zilianikwa palepale kwenye ukumbi watu wote waone nani mkubwa, siasa ilikuwepo tangu siku hiyo. Ila hasara ya jukwaa hawakumtwisha mwimbaji.

Mbele zaidi Wagner, mtunzi wa opera wa Ujerumani, akafungua tamasha lake katika mji wa Bayreuth mwaka 1876, wafalme wakaja, hasara ikawa kubwa kiasi kwamba tamasha la pili halikufanyika mpaka 1882. Salzburg kule Austria wakaanza 1920, vita vya kwanza vya dunia vimetoka kuisha, mchezo ukaigizwa nje mbele ya kanisa kuu. Hayo napita haraka kwa sababu mwaka ninaoutaka mimi ni 1947.

Ulaya mwaka 1947 ilikuwa majivu. Chakula cha mgao, makaa ya mgao, familia zinahesabu waliokufa. Na katika hali hiyo ndipo watu wakakaa wakasema tufanye tamasha. Aliyelisukuma la Edinburgh, kule Scotland, ni Rudolf Bing, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Uingereza Wanazi walipoingia madarakani, na kati ya mambo aliyoyafanikisha ni kumrudisha kondakta Bruno Walter mbele ya okestra ya Vienna Philharmonic. Walter alikuwa Myahudi, alifukuzwa Ujerumani mwaka 1933, na Austria ilipomezwa na Ujerumani mwaka 1938 ikabidi aiache nayo, na kati ya wanamuziki wa okestra ileile wapo waliokuwa wanachama wa chama cha Nazi. Sasa fikirini hao watu wanakutana tena, si Vienna wala si Berlin, ni kwenye mji wa watu wengine uliokubali kuwa mwenyeji wao. Wahenga wetu wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi sijaona mahali msemo huu umetimia waziwazi kama pale, ila pale hata wageni wenyewe walikuwa na vidonda.

Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, Jean Vilar, mwongozaji wa michezo ya jukwaani, yuko Avignon kusini mwa Ufaransa. Aliombwa alete mchezo ambao alikuwa ameshaufanya na ukapata sifa, yaani alete kitu kilichokwisha kuiva, aonyeshe, aondoke. Akakataa. Baadaye akarudi na wazo lake mwenyewe, kazi tatu mpya zifanyiwe palepale, na mojawapo ilikuwa Richard II ya Shakespeare kwenye uwanja wa ndani wa kasri la mapapa, nje, chini ya nyota. Ilikuwa ni wiki moja tu, watazamaji 4,800 na kati yao waliolipa ni 2,900. Naombeni wafadhili mzitazame hizo namba kwa utulivu. Kwa fomu mnazotujazisha siku hizi, wiki ile ingeandikwa kwamba haikufikia malengo.

Na Edinburgh kulikuwa na vikundi nane vya maigizo ambavyo hakuna aliyeviita. Vilikuja vyenyewe, vikatafuta kumbi vyenyewe, vikaonyesha pembeni ya tamasha rasmi, na huko pembeni ndo kukazaliwa Fringe, yaani tamasha la pembeni la wasioitwa, ambalo leo ni kubwa kuliko mama yake. Mwaka 2019 ilikuwa na maonyesho zaidi ya 3,800 na tiketi zaidi ya milioni 3 ziliuzwa. Avignon nako kuna tamasha lake la pembeni, Off, iliyoanza 1966, na mwaka huohuo wa 2019 ilipita maonyesho 1,500. Ule ujasiri wa wale nane nauheshimu sana. Ila angalieni umeishia wapi, kwa sababu leo mlango uko wazi kwa kila mtu kweli, lakini msanii ndiye anayelipia ukumbi, ndiye anayelipia chumba kwa bei ya msimu, ndiye anayebandika mabango na kugawa vipeperushi mvua ikimnyeshea, na asipopata watazamaji deni ni lake peke yake wakati mwenye nyumba, mwenye hoteli na mwenye baa wote wameshalipwa. Yule choregos amegeuzwa, sasa ni mwimbaji ndo anaubeba mji.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Kuna mcheza dansi wa Japani anaitwa Kazuo Ohno, alizaliwa 1906. Mwaka 1929 akiwa kijana alimwona jukwaani Tokyo mchezaji wa dansi ya Kihispania, Antonia Mercé, aliyejulikana kama La Argentina. Lilikuwa onyesho moja la mgeni mpita njia. Ohno akaenda na maisha yake, akafundisha mazoezi ya viungo shuleni, akapelekwa vitani, akarudi, akacheza, akaacha kucheza mbele ya watu kwa miaka mingi. Halafu mwaka 1977, zaidi ya miaka 70 kichwani, akapanda jukwaani Tokyo na kazi aliyoifanya kwa heshima ya yule mama, mwongozaji akiwa Tatsumi Hijikata. Mwaka 1980 kazi hiyo ikaalikwa kwenye tamasha la Nancy kule Ufaransa, tamasha lililoanzishwa 1963 na kijana Jack Lang kwa ajili ya michezo ya wanafunzi, na hapo ndipo mzee wa miaka 73 akajulikana nje ya nchi yake kwa mara ya kwanza, na butoh, ile dansi ya Kijapani aliyoicheza yeye na Hijikata, ikazidi kutembea duniani.

Hesabuni wenyewe, kutoka 1929 mpaka 1977. Ni fomu gani ya tathmini ingeliona hilo? Nyie mnatutumia dodoso siku chache baada ya onyesho, mtazamaji aweke alama 1 mpaka 5, sisi tuandike matokeo yaliyopatikana ndani ya mwezi, na tukishindwa kuyaonyesha awamu ya pili ya fedha haitoki. Mbegu ile ilikaa kifuani kwa mtu karibu miaka 50! Sisemi msifanye tathmini, fedha ni za umma au za watu na lazima zielezewe, nasema mkiifanya mjue mnapima nini, mnapima mauzo ya tiketi na uchovu wa wafanyakazi wenu, tamasha lenyewe bado hamjaligusa.

Mtaniambia mbona La Argentina alipita tu na bado ikawa hivyo, hakukaa. Ni kweli, bahati huwa inatokea. Ila kuna mifano miwili nataka muiweke pamoja. Mwaka 1931 wachezaji wa kisiwa cha Bali, Indonesia, waliletwa Paris kwenye maonyesho ya makoloni, wakacheza kwenye banda la Uholanzi aliyekuwa bwana wao, na Antonin Artaud, mwandishi na mtu wa jukwaani wa Ufaransa, akawaona. Alichokiona kikambadilisha kabisa, na alichoandika baada ya pale kimewabadilisha waigizaji wengi sana duniani mpaka leo. Lakini wataalamu wameshaonyesha kwamba mengi aliyaelewa ndivyo sivyo, aliona fumbo na ndoto pale ambapo wenyewe walikuwa na hadithi na ishara zao wanazozijua. Wachezaji walikuwa hapohapo mjini, lakini waliwekwa wawe kitu cha kutazamwa.

Miaka minne baadaye, 1935, Mei Lanfang wa opera ya China akaenda Moscow. Yeye alialikwa kwa heshima, akaonyesha kwa majuma, akafanya maelezo kwa vitendo mbele ya wasanii wenzie, na mwisho kukafanyika kikao cha kujadili sanaa yake, ambapo Meyerhold, mwongozaji wa maigizo, na Eisenstein, mwongozaji wa filamu, wakawa wanaongea. Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani, naye alikuwepo mjini, akamtazama, na mengi aliyokuja kuandika kuhusu mwigizaji anayejitenga na mhusika wake yana mizizi kwenye siku zile. Naye kuna alivyoelewa kivyake, hilo sawa. Ila pale mgeni alikuwepo kujibu. Kwa hiyo tofauti ya Paris na Moscow kwangu mimi ni siku na kiti, yaani umepewa siku za kukaa na umepewa kiti cha kuongea.

Na Afrika tulishalijua hili, wakubwa zangu, msituambie ni wazo geni. Dakar 1966 Senghor, rais wa Senegal, aliita dunia nzima ya watu weusi kwenye tamasha, mwanamuziki Duke Ellington akaja, mshairi Langston Hughes akaja. Kwenye tamasha la Algiers 1969 wapigania uhuru na wanamuziki walikuwa mtaa mmoja, Miriam Makeba akiwemo. Halafu Lagos, FESTAC, tamasha la sanaa za watu weusi na Waafrika, kuanzia tarehe 15 Januari mpaka 12 Februari 1977, karibu mwezi mzima, washiriki maelfu kwa maelfu kutoka nchi zaidi ya 50, na kulikuwa na kongamano la wasomi sambamba na maonyesho. Waliwajengea wasanii mji wa kukaa! Upo mpaka leo, Festac Town, watu wanaishi humo. Gharama zilipigiwa kelele na kelele zilikuwa na haki yake, mwanamuziki Fela Kuti wa hapohapo Nigeria alijitoa akabaki klabuni kwake, ila hata huko wageni wakamfuata, kwa sababu walikuwa na siku za kutosha za kuzunguka mji na kusikiliza kilichokuwa hakipo kwenye ratiba. Mwanamuziki Gilberto Gil wa Brazil alikuwa mmoja wa waliokuwepo Lagos, mwaka huohuo akatoa albamu nzima iliyotokana na aliyoyaona huko, na kuanzia 2003 mpaka 2008 akawa waziri wa utamaduni wa nchi yake. Mawaziri mnaosoma, huyo ni mwenzenu.

Kwa hiyo nini kimetokea katikati? Kwa ninavyoona mimi kuna vitu viwili vitatu vimejazana. Miji iligundua tamasha linajaza hoteli, basi likaanza kuhesabiwa kwa vitanda. Matamasha yakawa mengi na yote yanataka kusema sisi ndo wa kwanza, kwa hiyo mkataba unakuja na kifungu kwamba usionyeshe kazi hii kilomita kadhaa kutoka hapa, miezi kadhaa kabla na miezi kadhaa baada. Hicho kifungu kinatuua. Kikundi kimevuka bahari, kuna miji mitatu ya karibu ingependa kutupokea, tungekaa mwezi mzima tukifanya kazi kwa nauli moja, lakini tumefungwa mikono, tunarudi nyumbani na seti iliyotumika jioni moja. Tamasha moja, sitalitaja, lilitukatalia hata kufanya mazoezi ya wazi bure kwa wanafunzi kwa sababu ya kifungu hichohicho.

Nikiwa hapo niseme kuhusu ndege maana najua mmeshaanza kuuliza habari ya hewa ukaa, na mko sahihi. Jérôme Bel, mbunifu wa dansi wa Ufaransa, aliamua mwaka 2019 kwamba yeye na kampuni yake hawapandi tena ndege. Namheshimu, ila sisi tunaotoka mbali tukiambiwa hivyo maana yake ni kwamba tusije kabisa na jukwaa la dunia libaki la majirani wenye treni. Njia iliyo wazi ni safari chache na ndefu. Mkituleta kwa ndege kwa ajili ya dakika 70 za onyesho mmechafua hewa na mkutano haukufanyika, mkituacha tukae na kuzunguka kwa basi, angalau safari imepata kazi ya kufanya.

Dawati la viza, sijawasahau. Mwalikwa wa tamasha anaambiwa alete taarifa za benki, hati ya nyumba, cheti cha ndoa, athibitishe kwamba atarudi kwao, kijana mcheza ngoma asiye na mshahara wa kila mwezi atathibitisha kwa lipi? Ada ya viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024 na ukinyimwa hairudi. Wananyimwa wawili kati ya kikundi, alafu mkurugenzi anatuuliza kama tunaweza kuonyesha bila wao, kana kwamba mpiga ngoma ni pambo. Wakati nchi zaidi ya 150 ziko kwenye mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005 kuhusu anuwai za kujieleza kitamaduni, na kifungu chake cha 16 kinasema nchi zilizoendelea zirahisishe kubadilishana utamaduni na nchi zinazoendelea kwa kuwapa upendeleo wasanii na watenda kazi wa utamaduni. Wengi wenu serikali zenu zimeshaweka saini. Sasa wakurugenzi, msituachie barua ya mwaliko ya kurasa moja na kututakia kila la heri, ifuateni ile barua wenyewe, simameni na ubalozi miezi mingi kabla, mna majina yanayosikika kuliko yetu.

Najua jibu la kwanza litakuwa bajeti. Nimeshakaa na watu wenu wa uzalishaji, nawaonea huruma, wanalala saa chache na wanabeba lawama zisizo zao. Siombi mwongeze fedha ambazo hamna, naomba mpunguze idadi. Badala ya kazi 40 kwa jioni mojamoja leteni 15 na kila moja ikae juma. Siku tusizokuwa jukwaani mtulipe posho na mtupe tiketi za kuwaona wenzetu, na mtufungulie chumba kimoja chenye sakafu nzuri tufanye mazoezi pamoja bila mtu kutuuliza matokeo. Frie Leysen, aliyeanzisha Kunstenfestivaldesarts Brussels mwaka 1994, alifanya tamasha moja kwenye mji wenye jamii mbili za lugha zenye taasisi zao tofauti, akazifanya zote mbili ziligharamie, na akawaamini wasanii kwa kazi ambazo bado hazijawepo. Hakuwa na kitu ambacho nyie hamna isipokuwa uamuzi.

Kile kifungu cha kutuzuia mkifute, na pale mnapotaka kazi mpya kaeni na matamasha ya jirani mchangie pamoja ili hasara ikitokea igawanyike kwenu wenye ofisi kabla haijafika kwetu. Ile ripoti ya mwezi mmoja ibaki ya mahesabu tu. Kuhusu sanaa tuulizeni baada ya miaka 3, hata miaka 10, mtushangae.

Programu za mwaka ujao nyingi mnazipanga sasa hivi, majina yako kwenye jedwali na kila jina lina jioni yake. Lifungueni tena. Futeni majina kadhaa, na likiwemo la kikundi changu sitalalamika, nimeshaongea na wenzangu na wamekubali, na hao watakaobaki waongezeeni siku.

Wenu katika kazi,
Mtu wa jukwaani